Usajili wa bei chee Nyamiaga: Boti juu ya mlima

NGARA. Nilipanda Nyamiaga kuangalia mazoezi ya timu ya mtaani, nikaishia kushika tochi chini ya boti.

Ndiyo, boti. Huku ni milima na migomba, lakini nyuma ya gereji moja, katikati ya bodaboda zilizofunguliwa injini, kuna boti ndogo ya faiba iliyokalia matairi mawili ya Fuso. Ilikuwa nyeupe, sasa ni njano. Mmiliki ni timu. Fundi ni kipa wa timu hiyohiyo, na makipa unawajua: maamuzi yao huwa ya peke yao.

Chanzo ni mechi ya ugenini ng'ambo ya mto Ruvubu msimu uliopita. Mtumbwi waliokodi ulichelewa, wakafika uwanjani wenzao wameshapewa pointi za mezani. Mwisho wa hatua ya makundi wakapungukiwa na pointi hizohizo tatu. Hapo ndipo hela ya jezi mpya, michango ya wachezaji na mashabiki, shilingi milioni moja na nusu, ikasafiri hadi Mwanza na kurudi na chombo hiki kwenye lori. Nusu ya kikosi hawajamsamehe kipa mpaka leo.

"Ukisajili mchezaji wa bei chee, unaangalia magoti kwanza," ananiambia huku anapangusa mikono. "Hii magoti yake yalikuwa yamekwisha."

Boti hii haina propela nje. Injini inazungusha feni ndani ya bomba, maji yanafyonzwa kutoka chini ya boti na kurushwa nyuma kwa nguvu. Ndiyo maana inapita kwenye maji mafupi na mawe. Aliyeipa umaarufu teknolojia hii ni Bill Hamilton, mfugaji wa New Zealand, miaka ya 1950, kwa sababu mito ya kwao ilikuwa na kina kifupi mno kwa propela. Afrika nako zimefika: msafara wa John Blashford-Snell ulioshuka mto Kongo, wakati huo Zaire, mwaka 1974 hadi 1975 ulikuwa na boti za jeti.

Sasa turudi gerejini. Adui wa kwanza alikuwa mchanga. Ukifyonzwa unasaga feni na ukuta wa bomba, nafasi kati yao inapanuka, maji yanapenya pembeni. Injini inapiga kelele kama shabiki wa jukwaa la mzunguko, boti haiendi. Feni ilichomelewa kingo, ikanolewa upya, na ukuta wa ndani ukabadilishwa. Adui wa pili ni sponji iliyofichwa chini ya sakafu ili boti ielee. Ilikuwa imekunywa maji miaka na miaka. Waliikata na kuitoa vipande vipande, na watu wanne walioshindwa kuinua boti siku ya kwanza, siku hiyo waliibeba. Kabureta, plagi na ringi hazikumsumbua. Injini ni ya kuchanganya petroli na oili, kama pikipiki za zamani alizokulia.

Nilipomuuliza kuhusu magugu maji, alinyamaza kidogo. Ruvubu unaingia Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, na Kagera ndiyo njia mojawapo iliyopeleka magugu maji Ziwa Victoria. Jeti ikiyafyonza, bomba linaziba. Na jeti isiposukuma maji, usukani nao haufanyi kazi. Ukiogopa ukaachia mafuta ghafla, boti inaendelea mbele moja kwa moja, hata kama mbele kuna mwamba.

Mimi ningenunua injini ya kufunga nyuma, zile Yamaha za wavuvi wa ziwani, zenye spea na mafundi. Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Mdogo wangu, hela ile ingetosha injini bila boti."

Kuna hesabu nyingine wachezaji wanaifanya kwa sauti ya chini. Boti inabeba wanne, dereva akiwemo. Kikosi, benchi na kocha ni watu 17. Kipa akiendesha, waliobaki 16 wanavuka watatu watatu: safari sita, halafu yeye huyohuyo akasimame golini. Jaketi okozi zipo mbili tu, na TASAC, wanaosajili na kukagua vyombo, bado hawajaiona. Kocha ameshasema bila karatasi na jaketi nne, mchezaji wake hapandi.

Jioni waliiwasha. Boti ya namna hii huwezi kuiunguruma nchi kavu ovyo, maji ya mto ndiyo yanaipoza, kwa hiyo waliunganisha mpira wa bomba. Kipa alisisitiza utaratibu: injini iwake kwanza ndipo maji yafunguliwe, na kabla ya kuzima, maji yafungwe kwanza, la sivyo yanarudi kwenye injini kupitia ekzosi. Ikakohoa mara tatu, moshi wa bluu ukapanda migombani, ikawaka. Watoto waliacha mpira wakaja mbio. Hata beki wa kati, kiongozi wa kambi ya jezi, alitabasamu kabla hajajikumbuka.

Jumamosi wanaishusha mtoni kwa majaribio. Jumapili wana mechi ng'ambo. Nahodha alinivuta pembeni nikiwa naondoka, akaniomba nisimwambie kipa: mwenye mtumbwi ameshalipwa, na safari hii ameambiwa afike saa mbili kabla.