Kijana wa Goma katika Msimu wa Ubingwa wa Warriors

Msimu wa 2021–22 wa Golden State Warriors, timu ya mpira wa kikapu ya San Francisco, Marekani, ulimalizika kwa ubingwa wa NBA. Katika kikosi hicho alikuwemo mzaliwa wa Goma, mashariki mwa Kongo, Jonathan Kuminga, mwenye umri wa miaka 19. Timu yenyewe ilikuwa imetoka mbali: msimu wa 2019–20 ilishinda michezo 15 tu na kupoteza 50, ikashika mkia katika ligi nzima, na msimu uliofuata haikufika hatua ya mchujo.

Kuminga alizaliwa tarehe 6 Oktoba 2002. Januari ya mwaka huohuo volkano ya Nyiragongo, jirani na mji huo, ilikuwa imelipuka, lava ikapita katikati ya Goma, ikafukia mitaa ya biashara na sehemu ya uwanja wa ndege. Alihamia Marekani mwaka 2016, akasoma sekondari huko huku akicheza. Wachezaji wengi wa umri wake hupitia chuo kikuu, lakini yeye mwaka 2020 alichagua kujiunga na Ignite, timu iliyokuwa imeanzishwa kuwaandaa vijana kwa ajili ya NBA na kuwalipa mshahara. Katika michezo 13 alifunga wastani wa alama 15.8.

Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka tena, na siku tano baadaye wakazi wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuhama. Wengi walikimbilia Sake, wengine wakavuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda. Miezi miwili baada ya hapo, tarehe 29 Julai, jina la Kuminga lilisomwa katika drafti, siku ambayo timu za NBA huchagua chipukizi kwa zamu. Warriors walimchukua akiwa wa saba. Zamu hiyo awali ilikuwa ya Minnesota, ila Warriors waliipata mwaka 2020 pamoja na Andrew Wiggins, walipomtoa D'Angelo Russell. Wakongomani wawili waliomtangulia nao walichaguliwa katika nafasi hiyohiyo ya saba: Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, mwaka 2011, na Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, mwaka 2015.

NBA ina timu 30, zilizogawanywa katika kanda mbili, Mashariki na Magharibi. Kila timu hucheza michezo 82, nusu nyumbani na nusu ugenini, kuanzia Oktoba hadi Aprili. Timu sita za juu katika kila kanda huingia moja kwa moja kwenye mchujo, na zinazoshika nafasi ya saba hadi ya kumi hugombea nafasi mbili zilizobaki. Katika mchujo, timu mbili hukutana mara kwa mara hadi mojawapo ishinde michezo minne.

Warriors waliuanza msimu kwa kishindo, wakishinda michezo 18 kati ya 20 ya mwanzo. Tarehe 14 Desemba, jijini New York, nyota wao Stephen Curry alivunja rekodi ya Ray Allen ya mitupo ya alama tatu. Tarehe 9 Januari 2022 mwenzake Klay Thompson alirejea uwanjani baada ya miaka miwili na nusu ya majeraha, kwanza ya goti, kisha ya kano ya kisigino. Baadaye majeraha yaliwaweka nje kwa wiki nyingi Draymond Green, nguzo ya ulinzi, na hatimaye Curry mwenyewe.

Kuminga, aliyevaa jezi namba 00, aliuanza msimu akiuguza goti. Alipopona, kocha Steve Kerr alimpa nafasi kidogo kidogo, kwa kuwa kwenye timu inayowania ubingwa kijana hana budi kuonyesha kwanza kwamba anaweza kukaba. Pengo lililoachwa na wakongwe lilimfungulia mlango. Tarehe 14 Januari alifunga alama 25 Warriors walipoifunga Chicago 138–96. Hadi Aprili alikuwa amecheza michezo 70, kwa wastani wa dakika 17 kati ya 48 na alama 9.3. Timu ilimaliza kwa ushindi 53 na vipigo 29, ikiwa ya tatu katika kanda ya Magharibi.

Katika mchujo, Denver walitolewa kwa michezo minne kwa mmoja. Raundi ya pili, dhidi ya Memphis, ilikuwa ngumu. Katika mchezo wa pili Gary Payton II wa Warriors aliangushwa vibaya akiwa hewani na kuvunjika kiwiko. Tarehe 7 Mei, katika mchezo wa tatu, Kerr alimwanzisha Kuminga badala yake. Akiwa na miaka 19 na siku 213, alikuwa mdogo kuliko yeyote aliyeanza mchezo wa mchujo tangu rekodi za wachezaji wanaoanza zianze kutunzwa msimu wa 1970–71. Alifunga alama 18, Warriors wakashinda 142–112. Memphis walitolewa katika mchezo wa sita, kisha Dallas katika mchezo wa tano wa fainali ya kanda.

Fainali ilikuwa dhidi ya Boston. Boston walitangulia michezo miwili kwa mmoja, kabla ya Curry kufunga alama 43 ugenini na kusawazisha. Mchezo wa sita ulianza saa tisa usiku kwa saa za Goma, kuamkia tarehe 17 Juni. Warriors walishinda 103–90, wakatwaa taji lao la nne katika miaka minane. Kuminga alicheza dakika chache tu katika fainali hiyo, lakini akawa bingwa wa pili kwa udogo wa umri katika historia ya NBA, baada ya Darko Miličić wa mwaka 2004.

Pete ya ubingwa si jambo jepesi. Dikembe Mutombo, mkubwa kuliko Wakongomani wote waliocheza ligi hiyo, alicheza misimu 18 na fainali mbili bila kuipata. Mzaliwa mwingine wa Kinshasa, Didier Ilunga-Mbenga, aliipata mara mbili akiwa na Lakers, mwaka 2009 na 2010, naye pia akitokea benchi.

Leo kijana wa Goma hana tena njia moja tu ya kwenda Marekani. Ligi ya kulipwa ya Afrika, BAL, ilianza Mei 2021, na fainali zake nne za kwanza zilichezwa Kigali, mwendo wa saa chache kwa barabara kutoka Goma. Mwaka 2022, Kuminga alipokuwa akiwania ubingwa na Warriors, Espoir Fukash ya Lubumbashi iliiwakilisha Kongo katika ligi hiyo.