Uzi Ukazwe Kiasi Gani?

Binti mmoja ninayemfundisha aliniletea gitaa lake limefungwa kwenye khanga, akaliweka mezani taratibu kama mtu aliyeleta mgonjwa. "Mwalimu, sauti ilikuwa ndogo, nikaweka nyuzi ngumu," akasema. Nilipofungua khanga nikaona briji imenyanyuka kwa nyuma. Nikachomeka kipande cha karatasi chini yake, kikaingia mpaka nusu bila kugusa gundi. Nyuzi alizouziwa zilikuwa za chuma, na gitaa lenyewe ni la klasiki, lililoundwa kubeba nailoni.

Seti ya nyuzi sita za nailoni huivuta briji kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Seti nyepesi ya chuma hufika kilo 70 na ushee. Gitaa la klasiki lina ubao wa mbele mwembamba, na briji yake imeshikiliwa na gundi peke yake, kwa hiyo likitwishwa mzigo huo huanza kupinda na kufumuka. Tafadhali, kama gitaa lako ni la nailoni, usilifunge chuma hata kwa siku moja.

Kosa la chuma ni rahisi kulieleza. Kilichomsukuma binti huyu ndicho kigumu zaidi, nacho nakikuta hata kwa wapigaji wa miaka mingi: imani kwamba uzi ukivutwa zaidi, gitaa litatoa sauti kubwa zaidi. Akienda dukani na imani hiyo, mtu hununua pakiti iliyoandikwa mkazo mkubwa, kisha anashangaa vidole vinachoka na sauti imekuwa kavu.

Mkazo wa uzi huamuliwa na mambo matatu: urefu wake kutoka mfupa wa shingoni hadi mfupa wa kwenye briji, uzito wake kwa kila mita, na noti unayotaka itoke. Mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliiandika kanuni hiyo katika miaka ya 1630, na haijabadilika. Sasa, urefu umeshaamuliwa na fundi aliyeunda gitaa. Noti nayo inajulikana. Kilichobaki ni uzito. Kwa hiyo uzi unaoitwa mgumu ni uzi mzito kidogo tu, unaolazimika kuvutwa zaidi ili ufike kwenye noti ileile. Katika seti moja maarufu ya Marekani, uzi wa kwanza wa mkazo wa kawaida una unene wa milimita 0.71, na ule wa mkazo mkubwa 0.72. Tofauti hiyo haifikii unene wa unywele, lakini kidole kinaihisi.

Majina ya kwenye pakiti hayana kipimo cha pamoja. Kila kampuni hupanga madaraja yake, na hata rangi zinapotosha. Nyekundu ya Augustine ni mkazo wa wastani, ilhali nyekundu ya Hannabach ni ule mkubwa kabisa. Ukimwambia mtu dukani akupe "ile nyekundu", umejiwekea mtego. Geuza pakiti usome kilo zilizoandikwa kwa kila uzi, halafu linganisha kilo kwa kilo.

Hata kilo zenyewe hazikamilishi habari, maana zimepigiwa hesabu kwa gitaa ambalo huenda si lako. Urefu wa kawaida wa uzi ni milimita 650, kipimo kilichoenea kutokana na kazi za Antonio de Torres, fundi wa Almería aliyefariki mwaka 1892. Katika miaka ya 1960 José Ramírez wa tatu, wa Madrid, alianza kuunda magitaa ya milimita 664. Mkazo hukua kwa mraba wa urefu, hivyo seti ileile ikifungwa kwenye gitaa lake huongezeka mkazo kwa zaidi ya asilimia 4. Katika kilo 40 hiyo ni karibu kilo mbili, ambayo ndiyo takriban tofauti ya seti ya kawaida na seti ngumu. Mwenye Ramírez ya namna hiyo akifunga seti ngumu amepanda ngazi mbili kwa mpigo.

Mafundi wa Hispania wana neno ambalo naliona ndilo kiini cha jambo hili: pulsasioni. Maana yake ni ule ukinzani ambao mkono wa kulia unauhisi unapousukuma uzi, pamoja na namna uzi unavyorudi. Shika magitaa mawili ya urefu mmoja, yafunge nyuzi za pakiti aina moja, yatyuni sawasawa. Kwa hesabu mkazo ni uleule. Kwa kidole, moja linaweza kuwa laini kama mkeka na jingine gumu kama ubao. Tofauti inatoka kwenye kimo cha nyuzi juu ya ubao, ulegevu wa ubao wenyewe, hata mshazari wa uzi unapopinda juu ya mfupa wa briji. Ndiyo maana siwezi kumwagiza mtu nyuzi kwa simu kabla sijalishika gitaa lake.

Gitaa la flamenko linalidhihirisha hili vizuri. Aina ya asili, iitwayo blanka, ina mgongo na mbavu za mti wa mvinje wa Hispania, na ni jepesi mkononi. Nyuzi zake hupita milimita 8 hivi juu ya ubao, wakati kwenye klasiki hufika 10 au zaidi. Kimo hicho kinafanya kazi kama mpini wa jembe: kikiwa kifupi, mvuto uleule unaupindua ubao kwa nguvu ndogo zaidi, na mpigaji huhisi wepesi. Nyuzi pia ziko karibu na freti, kwa sababu mpigaji wa flamenko anahitaji mbio, na sauti ya kukwaruza kidogo kwake ni sehemu ya ladha. Hapo ndipo wapigaji wanapogawanyika. Uzi laini huyumba kwa upana, na mkono ukishuka na rasgeado, vidole vikifunguka kimoja baada ya kingine kama upepeo, uzi unazigonga freti kupita kiasi. Uzi mgumu huyumba kwa wembamba na kurudi upesi, jambo linalomfaa anayekimbiza pikado kwa vidole viwili. Kwa blanka yenye nyuzi za chini sana nimekuwa nikianza na mkazo mkubwa, na sijajuta. Kwa klasiki, hasa kwa anayejifunza tremolo, naanza na wa kawaida, kwa kuwa vidole vitatu vinavyopokezana juu ya uzi mmoja huchoka haraka vikikuta ukaidi.

Na ile sauti kubwa aliyoitafuta binti? Uzi mzito hubeba nguvu zaidi na huweza kuusukuma ubao zaidi, mradi kidole kina nguvu ya kuuamsha na ubao una nafasi ya kucheza. Gitaa jepesi likishavutwa mno, ubao unabanwa: noti inatoka kwa mshindo, halafu inakufa mapema. Nimeyasikia magitaa yaliyopumua upya baada ya kushushwa ngazi moja.

Kuna njia ya kujaribu bila kununua kitu. Kifaa cha kutyuni, au programu ya simu, huwa na A ya hezi 440. Ishushe hadi 432, utyuni nyuzi zote sita upya, upige dakika kumi. Mkazo umepungua asilimia 3.6, karibu kilo moja na nusu kwa seti nzima. Ukitaka tofauti kubwa zaidi, shusha kila uzi nusu toni na ufunge kapo, kile kibano cha shingoni, kwenye freti ya kwanza. Noti zitarudi mahali pake, ila mkazo utakuwa umepungua asilimia 11. Kapo yenyewe haiongezi mkazo wa maana, inafupisha uzi tu. Kama mkono umefurahi na sauti imefunguka, nyuzi zako zilikuwa ngumu mno kwa gitaa hilo. Lakini usihukumu nyuzi mpya siku ya kwanza. Nailoni hurefuka kwa siku tatu nne kabla ya kutulia.

Uzi wa tatu unastahili neno lake. Ndio mnene kuliko zote zisizosokotewa waya, na wa nailoni mara nyingi hutoa sauti butu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia nyuzi za juu zilikuwa za utumbo wa mnyama. Utumbo ulipoadimika vitani, Albert Augustine wa New York, akishirikiana na Andrés Segovia, alitengeneza za nailoni, nazo zikatawala. Leo kuna kaboni, nzito kuliko nailoni kwa ujazo uleule, hivyo huwa nyembamba zaidi kwa mkazo huohuo, na sauti yake ni angavu. Hakuna sheria inayokulazimisha nyuzi sita zitoke pakiti moja.

Gitaa la binti lilikaa wiki nzima kwenye vibano, gundi ikikauka. Nikalifunga nailoni ya mkazo wa kawaida, naye akakaa kwenye kiti cha dirishani akapiga. Besi zikajaa chumba. Alipofika uzi wa tatu akasita, akaurudia mara mbili, akaniangalia. Nikautoa, nikafunga wa kaboni, nikamrudishia. Safari hii hakusimama mpaka mwisho wa wimbo.