Je, Wajua? Kutoka Samaki wa Nyanza hadi Muziki wa Mozart

Je, wajua kwamba maji yanayochuruzika kwenye vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, hufika Ziwa Victoria? Hubebwa na Mto Gucha! Hupita Kisii, huitwa Kuja ukiteremka Migori, na urefu wake ni kilomita 149 hivi.

Samaki aitwaye ningu unamjua? Huishi ziwani, lakini mvua ikijaza mito hupanda kinyume cha maji kwenda kutaga. Siku hizi yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Na samaki aitwaye ngege je? Mama huatamia mayai mdomoni! Watoto wakishaanguliwa na hatari ikatokea, hao, wanarudi mbio kinywani mwa mama.

Sasa shika hii. Wanasayansi wanasema Ziwa Victoria lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita. Maji yaliporudi, kufumba na kufumbua, zikazuka aina zaidi ya 500 za samaki waitwao furu!

Wajua mtafiti wa samaki Rosemary Lowe? Alianza kuchunguza ngege na jamaa zake kutoka Jinja, Uganda, mwaka 1948. Alipoolewa 1953, kanuni za kikoloni zikamlazimisha kuacha kazi. Bwana arusi, mwanajiolojia, hakuguswa! Bibi huyu hakukoma: aliendelea kuchunguza samaki bila mshahara, akaishi hadi miaka 93.

Tuwaache samaki kidogo: kwenye vinamasi vya Kisii na Nyamira, kama Sironga, ukimwona korongo taji mtazame jioni. Makorongo wenye taji ndio pekee duniani, katika ukoo mzima wa makorongo, wanaolala juu ya miti.

Lakini tukirudi kwa samaki, kigogo wa leo ni mtafiti Peter Whitehead. Mwaka 1959 alichapisha utafiti juu ya uvuvi wa mito ya Nyanza, mkoa uliokuwa na Kisii ndani yake, na juu ya samaki wanaopanda mito kutaga. Baadaye akahamia jumba la makumbusho London, akabobea katika jamii ya dagaa wa baharini.

Huko akaanza kusaka michoro ya samaki wa Brazil ya karne ya 17, iliyohamishwa kutoka Berlin wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na kudhaniwa imepotea. Aliifuata miaka na miaka, mpaka Kraków, Poland. Na wajua msako huo ulisaidia kufichua nini kingine? Miswada ya muziki iliyodhaniwa imepotea, iliyoandikwa kwa mikono ya Mozart, Beethoven na Bach wenyewe!