Kwa nini wakala wa Nakuru anaonekana Bogoria?

Ukibonyeza "Wakala wa karibu" ukiwa pale stendi ya Nakuru, simu yako hututumia namba mbili: latitudo na longitudo. Hifadhidata yetu huzilinganisha na za mawakala wote, kisha hukuonyesha walio jirani.

Nakuru mjini ni kama -0.30, 36.07. Hiyo alama ya kutoa ndiyo inayosema tuko kusini mwa Ikweta. Mtu akiisahau anaposajili duka, wakala anaruka zaidi ya kilomita 60 hadi kando ya Ziwa Bogoria, kule Baringo. Namba zikibadilishana nafasi, duka linazama baharini karibu na Algeria! Hilo tunaligundua haraka. La Bogoria ndilo hutusumbua, maana bado ni Kenya na halishtui mtu. Wewe unatafuta pesa ya nauli usiku, duka liko wazi nyuma yako, na ramani inakwambia hakuna wakala.

Halafu umbali tunaoonyesha ni wa mstari ulionyooka. Matatu haipiti hivyo: kufika upande wa pili wa Menengai, inazunguka mlima.

Ukiona wakala asiye mahali pake, bonyeza "Ripoti eneo". PIN yako usitume; hatuihitaji kurekebisha ramani.