Fahamu: Jinsi fikra za uchumi zilivyogeuka nchini China

Kauli ya “nguvu mpya za uzalishaji zenye ubora”, aliyoitamka Rais Xi Jinping mwaka 2023 na ambayo tangu hapo haikosekani katika habari za China, haifahamiki barabara kwa asiyejua fikra zilizoitangulia.

Baada ya mapinduzi ya Kikomunisti ya 1949 ilitawala rai ya Kisovieti, kwamba serikali ipange kila kitu. Hata hivyo palikuwa na Sun Yefang, mwanachuoni aliyesoma Moscow, ambaye alithubutu kunena kwamba hata dola ya kijamaa haina budi kuitii kanuni ya thamani (bidhaa kubadilishana kulingana na kazi iliyotumika kuzitengeneza), na kwamba faida ndiyo mizani ya kupimia kazi ya kiwanda. Kwa itikadi hiyo alitiwa gerezani mwaka 1968, akakaa miaka saba, wala hakuiacha. Kwangu mimi, huyo anastahili heshima kuliko wengi waliokuja kusifiwa baadaye.

Mwaka 1978 wakulima 18 wa kijiji cha Xiaogang, mkoani Anhui, waliodhikishwa na njaa, waliafikiana kwa siri kugawana mashamba yaliyokuwa yakilimwa kwa pamoja. Kisha Septemba 1985, ndani ya meli Bashan iliyokuwa ikisafiri katika mto Yangtze, wataalamu wa Kichina walibahathi pamoja na wageni, miongoni mwao wachumi János Kornai wa Hungaria na James Tobin wa Marekani, namna ya kulegeza mipango pasi na kufanya bei zipande ovyo.

Mwaka 1992 Chama cha Kikomunisti kikaridhia “uchumi wa soko wa kijamaa”. Leo soko lingalipo, lakini serikali ndiyo inayoelekeza mitaji kwenye betri, chipu na magari ya umeme; huko ndiko inakolenga kauli ya Xi, yaani uzalishaji unaosukumwa na teknolojia mpya.