Mtalaka Asiyekoma: Njia za Kisheria kwa Wakazi wa Masasi na Newala

Wananchi wa Masasi na Newala, pamoja na jamaa zao walioko Visiwani, wanaarifiwa kwamba ndoa ikishavunjika hakuna kati ya waliokuwa wameoana aliye na haki ya kumwandama mwenziwe. Wengi hudhani kuwa mwanamume akirudi usiku kugonga mlango wa mtalaka wake, hilo ni la wajomba na wala si la hakimu.

Katika uwanda wa Makonde, ambako kwa mila ukoo hufuatwa upande wa mama, wajomba husikilizwa, na ni vyema waelezwe mapema. Lakini neno la mjomba halimfungi mtu kisheria. Kifungu cha 138 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mtu asijilazimishe kwa mwenziwe au mtalaka wake, wala asimbughudhi kwa namna nyingine. Amri hiyo yaweza kutolewa shauri la ndoa likiwa lingali mahakamani, au wakati wa hukumu ya kutengana au talaka, au baada yake. Mahakama ya Mwanzo nayo husikiliza mashauri ya ndoa. Si lazima mtu asafiri hadi Mtwara.

Hapa pana jambo la kuangaliwa sana. Mwanamke aliyeachwa kwa kauli, au kwa karatasi tu, bila kufika mahakamani, hana hukumu mkononi. Naye mume aliyetoa talaka rejea, eda ikiwa haijaisha, atadai kuwa amekuja kurejea. Kwa hiyo ni heri mwanamke huyo aende kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, apate hati ya kuwa usuluhishi umeshindikana, kisha afungue shauri. Likishafunguliwa, amri ya kuzuia bughudha yaweza kuombwa bila kungoja hukumu. Mume anayebughudhiwa ana haki iyo hiyo.

Waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mume na mke, kifungu cha 160 huwadhania kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wachumba walioachana hawamo. Hao watategemea sheria za jinai, ambazo hazimuulizi mtu cheti cha ndoa: kutishia na kuingia kwa jinai katika nyumba ya mtu ni makosa kwa yeyote.

Kuhusu simu, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakataza kumpigia au kumwandikia mtu kwa nia ya kumuudhi au kumtisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, imeweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Sheria hizi mbili zinatumika Bara na Zanzibar, ilhali Sheria ya Ndoa ni ya Bara pekee. Kwa Waislamu walioko Unguja na Pemba, mambo ya talaka hupelekwa kwa Kadhi.

Ujumbe wa matusi au vitisho usifutwe, hata ukiwa wa kuaibisha, kwani mahakama huupokea kuwa ushahidi. Mlalamikaji aandike tarehe na saa, pamoja na majina ya walioshuhudia, kisha afike Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Pakiwa na tishio la kuuawa au kupigwa, afike siku hiyo hiyo, kikao cha wajomba kifuate baadaye. Asiye na uwezo aweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.