Chombo Kizima Kifunguliwapo Bila Sababu

Katika karakana nyingi za majeshi na polisi iko desturi moja ya siku zote. Gari likitimiza maili zilizoandikwa kwenye daftari, huingizwa ndani, likafunguliwa, likachunguzwa na kufungwa tena. Dereva mzoefu huwa na neno lake la pembeni ambalo hathubutu kulisema mbele ya mkuu wa karakana: gari lilikuwa zima hadi jana, leo limetoka kwenye matengenezo likiwa na ugonjwa. Neno hilo limezoeleka kuchukuliwa kuwa manung'uniko ya mtu asiyependa kazi. Kumbe lilikwisha kupimwa kwa hesabu, na hesabu ikamuunga mkono dereva.

Jambo lenyewe lilitokea Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizizamisha meli za shehena katika bahari ya Atlantiki, na taifa la kisiwa lisilopata shehena halina chakula wala mafuta. Ndege kubwa za Liberator, zenye injini nne, zilipewa kazi ya kuzisaka nyambizi hizo mbali na pwani. Ndege zilikuwa chache, na nyingi katika hizo chache zilikuwa chini zikitengenezwa. Kila baada ya saa 50 za kuruka, ndege ilifanyiwa uchunguzi kamili.

Kikosi hicho cha anga kilikuwa na wataalamu wa sayansi waliopewa kazi ya kuchunguza mambo ya vita kwa tarakimu. Mmoja wao alikuwa Conrad Hal Waddington, ambaye hakuwa mhandisi bali mwanabiolojia, mtu aliyezoea kuchunguza jinsi viumbe wanavyokua. Yeye na wenzake walizipanga hitilafu zote za ghafula kwa kufuata saa zilizopita tangu uchunguzi wa mwisho. Kila mtu angetazamia kwamba hitilafu zingekuwa chache ndege inapotoka karakanani, kisha zizidi kidogo kidogo kadiri saa 50 zinavyokaribia. Mambo yalikuwa kinyume. Hitilafu zilikuwa nyingi mara tu baada ya uchunguzi, kisha zikapungua kadiri ndege ilivyoendelea kuruka, hata ikarudishwa karakanani na kuanza mashaka upya. Uchunguzi ulikuwa ukizivuruga sehemu zilizokuwa salama. Muda kati ya uchunguzi na uchunguzi ulipoongezwa, saa za kuruka ziliongezeka bila kungoja ndege mpya. Habari hizo zilibaki siri kwa miaka mingi. Kitabu cha Waddington kuhusu kazi hiyo kilitolewa mwaka 1973.

Hesabu inayotumika hapa si ngumu. Tuseme mashine 20 zimefanya kazi saa 50 kila moja. Jumla ni saa 1,000. Zikitokea hitilafu 4, kiwango ni hitilafu 4 kwa saa 1,000, yaani kwa wastani hitilafu moja kwa kila saa 250. Lakini hapo ndipo wengi hujikwaa. Wastani huo si dhamana kwamba mashine itafika saa 250. Ikiwa hitilafu huja kwa bahati tu, bila kutegemea umri, basi katika mashine 100 ni kama 37 tu zitakazofika saa hizo bila kuharibika. Kamanda anayepanga safari kwa kutegemea wastani peke yake amekwisha kuwaweka watu wake hatarini.

Zamani wahandisi waliamini kwamba takribani kila chombo hupitia nyakati tatu: uchanga wenye hitilafu nyingi, utu uzima wenye utulivu, na uzee wa kuchakaa. Ukichora mstari wake, hufanana na beseni la kuogea, kingo zake mbili zikiwa juu na katikati pakiwa tambarare. Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap, wa shirika la ndege la United Airlines, walitoa taarifa iliyotayarishwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Walionyesha kwamba katika kila sehemu 100 za ndege walizozichunguza, ni 4 tu zilizofuata umbo la beseni. Sehemu 68 zilikuwa na hatari kubwa mwanzoni, kisha zikatulia bila kuonyesha uzee wowote. Kwa sehemu 89, kuweka umri wa kuzing'oa hakukuleta faida. Ndege ya zamani ya DC-8 ilihitaji saa za kazi milioni 4 za uchunguzi mkubwa wa kiunzi kabla ya muda kati ya uchunguzi na uchunguzi kufikia saa 20,000 za kuruka. Boeing 747, iliyo kubwa na yenye mambo mengi zaidi, iliyopangiwa matengenezo kwa fikra mpya, ilihitaji 66,000.

Hii si ruhusa ya uvivu. Breki huisha, tairi hulika, mafuta ya injini huchafuka. Hivyo vina uzee unaoonekana, na kuvibadilisha kwa wakati ni wajibu. Cherehani ya nyumbani nayo yataka mafuta na kufutwa vumbi, lakini kuifungua tumbo kila mwezi ili kuona kama iko salama ni kuitafutia maradhi. (Saa ngapi za ukutani zimenyamaza moja kwa moja kwa sababu baba alitaka kuzisafisha tu!) Na kipuri kipya si lazima kiwe bora kuliko kikuukuu kilichokwisha kuthibitika kazini, kwa kuwa kipya bado kina mitihani ya uchanga.

Iko, hata hivyo, aina moja ya hitilafu isiyoweza kungojewa ijionyeshe, nayo ni ile iliyojificha. Injini ikiharibika hupiga kelele. Gurudumu la akiba likiisha upepo halisemi neno. Wala chombo cha kuzimia moto kilichopoteza nguvu ukutani, wala tochi ya dharura ambayo betri zake zimevuja kabatini. Vyote hivyo hufa kimya, na kifo chao hujulikana usiku ule vinapohitajika. Kwa vyombo vya namna hiyo hakuna haja ya spana. Gurudumu hupimwa upepo, mshale wa chombo cha moto hutazamwa, tochi huwashwa na kuzimwa, kisha tarehe ikaandikwa daftarini.